Kamera ya Uani

Jumapili, 3 Novemba

Leo tukiwa kanisani mwizi ameruka ukuta wa nyuma. Amevunja dirisha la chumba cha kushonea, amechukua mashini ndogo ya kuzungushia pindo na vitenge vya wateja, vingine nilikuwa nimeshavikata. Mashini yangu kubwa ya kukanyaga imemshinda kwa uzito. Nimekaa chini nikaitazama kama mtu aliyeponea ajalini.

Mchana ikanyesha mvua kubwa ya kwanza, ikafuta nyayo zote.

Jumatatu, 4 Novemba

Naomie amepiga simu kutoka Lubumbashi hata nimechoka kupokea. Ni mwanangu wa pekee, anafanya kazi katika duka la dawa kule. Tangu baba yake, Muamba, afariki, amejifanya yeye ndiye mama na mimi ndiye mtoto. Leo hakutaka maelezo.

"Mama, mi siwezi tena kulala," amesema. "Chagula. Kamera ku nyumba, ao unafunga nyumba unakuya huku."

Nyumba hii ya mtaa wa Manika tuliijenga mimi na Muamba, tofali kwa tofali. Mwaka ule sisi Wakasai, watu wa kuja, tulipofukuzwa na wenyeji wa mkoa huu, tulilala stesheni majuma mengi tukingoja treni, mimi nikiwa na mimba ya Naomie. Treni haikutuchukua, mambo yakatulia, tukarudi tukaikuta nyumba bado imesimama. Niliapa siku ile kwamba sitatoka tena. Siwezi kutoka kwa ajili ya mwizi wa vitenge.

Nimemwambia alete hizo kamera zake.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Nimeshona mikono ya magauni mawili.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda sokoni kwa fundi aliyetafutwa na Naomie. Nilitarajia mwanamume. Nimemkuta Princesse, mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa suruali, penseli nyuma ya sikio, anaongea huku anakata waya.

Amenitolea kamera zote mezani kama mtu anayeonyesha viatu. Kuna za waya, zinazotaka kisanduku cha kuhifadhia picha na umeme wa saa zote, na umeme wetu ukikatika hatujui utarudi lini. Kuna nyingine zinazotaka intaneti ya nyumbani, ambayo sina. Na kuna za jua: zina paneli ndogo, betri ndani, na mahali pa kutia kadi ya simu. Nikamwuliza jua lenyewe litatoka wapi miezi hii ya mvua. Alicheka, lakini hakunidanganya. Alisema siku za mawingu mazito zitazimika usiku, ila mchana zitaona.

Hiyo imenipendeza. Muuzaji anayekubali ubaya wa bidhaa yake unaweza kumwamini kwa uzuri wake.

Naomie, kwa simu, alitaka nne: mlangoni, uani, chumba cha kushonea na sebuleni. Nilimjibu kwamba ndani ya nyumba yangu sitaki jicho la mtu yeyote, hata lake. Tukabishana mbele ya Princesse, yeye akaendelea kukata waya kama hasikii. Mwishoni tukakubaliana mbili, moja ya lango na moja ya uani. Zote mbili zinasema pia: aliye mbali anaweza kuzungumza na aliye mbele ya kamera. Nilimwuliza Princesse nani atataka kuzungumza na ukuta. Akasema wateja wake wengi hukaripia watumishi kwa njia hiyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Kamera zimewekwa. Princesse alifika kwa taxi-moto, pikipiki ya kukodi, ngazi begani. Aliyemshikia ngazi ni Tata Kalenga.

Sijamwandika Tata Kalenga mahali popote bado. Ni mtu wa Lubudi, mwenyeji wa mkoa huu, alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, mke wake amefariki zamani, na anaimba sauti ya chini katika kwaya yetu. Wakati wa kiangazi alileta kwangu nguo za kwaya nizishone. Nguo zimekwisha, zimevaliwa, zimefuliwa, na yeye bado anakuja. Anakuja alasiri na mkate, tunakunywa chai kwenye benchi uani, anaondoka kabla ya giza. Hakuna la kuficha. Ila Naomie sijamwambia.

Princesse aliniuliza kamera ya uani itazame wapi. Nikasema ukuta wa nyuma, alikopita mwizi. Alipokwisha kuifunga akanionyesha picha kwenye simu yangu: ukuta wote unaonekana vizuri, na katikati ya picha, kama kwamba ndilo lililokusudiwa, limekaa benchi letu.

Nikamwambia Kalenga labda tulihamishe. Akavua kofia yake, akakuna kichwa.

"Mama Naomie, mi siko mwizi," alisema. "Benchi ibakie."

Jumatatu, 18 Novemba

Simu inalia kila kuku akipita uani. Naomie naye inamlilia kule kule. Amenipigia akiwa kazini kuniambia kuku mweupe anachimba mbegu zangu za mchicha. Ni kweli alikuwa anachimba.

Nimemwomba jirani wa kanisani anizimie ule mlio.

Jumatano, 27 Novemba

Nilijua siku hii itafika.

"Mama, ule muzee wa kofia ni nani?"

Nikasema ni mteja.

"Muteja gani anakuya kila siku? Suruali yake haiishe?"

Nikasema mtandao ni mbaya, simsikii. Nina miaka sitini nami nimemdanganya mwanangu kama msichana aliyekutwa nyuma ya shule.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua kutwa. Kalenga hakuja. Sikujua kwamba chai ya mtu mmoja inapoa haraka hivyo.

Alhamisi, 12 Desemba

Lupango wa nyuma, yaani kiwanja cha upande wa pili wa ukuta, umepangishwa kwa vijana wachimbaji. Wanachimba shaba na kobalti huko nje ya mji. Asubuhi wanaondoka na magunia na sururu, jioni wanarudi wamepakaa vumbi kichwani hadi miguuni, kisha muziki mpaka mtu asisikie mashini yake. Tangu wizi ule, nikiwa peke yangu, nimekuwa nikiwatazama mmoja mmoja kwenye ile kamera ya lango wanapopita barabarani, kuona kama kuna aliyevaa kitenge cha mteja wangu. Najua ni upuuzi. Mwizi havai.

Leo mkubwa wao amebisha langoni kuomba maji, bomba lao limekauka. Nilimwangalia kwanza kwenye simu, nikasita. Akainua uso kwa kamera akasalimu: "Moyo, mamu." Sijasikia mtu akinisalimu kwa Kiluba cha kwetu tangu Muamba. Nikafungua. Anaitwa Mulumba, ametoka Mwene-Ditu, kule kwetu. Nilimjazia ndoo, lakini sikumwalika aingie.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Naomie amekosa ruhusa kazini. Kalenga alikuja baada ya ibada na kuku, mwenyewe amemchinja na kumnyonyoa. Tulikuwa tumekaa uani, mawingu yametuachia nafasi kidogo, mara ukuta wa nyumba ukasema, "Bonjour, papa. Unatafuta nani?"

Nilimwaga chai. Kalenga akasimama, akageukia kamera, akavua kofia na kuishika kifuani kama mbele ya askofu.

"Bonjour, mama. Noeli njema. Miye ni Kalenga. Natafuta Mama Naomie, na nisha kumupata."

Naomie akasema Noeli njema, kwa sauti ya barafu, na kamera ikanyamaza. Kalenga alikaa tena akaendelea kula. Mimi ndiye niliyebaki nikifuta chai.

Jumamosi, 4 Januari

Sasa wakwe nao wameingia. Ntambwe, mdogo wa marehemu mume wangu, amepiga simu. Naomie amemwambia. Ntambwe amezunguka sana, ameuliza bei ya mahindi, afya ya mchungaji, kisha akafika: mtu huyo si wa kwetu, na nimesahau mwaka ule wa stesheni?

Nikamjibu kwamba mwaka ule yeye alikuwa mtoto, amebebwa mgongoni. Mimi nilikuwa na miguu yangu, na nakumbuka waliotufukuza, na nakumbuka pia wafanyakazi wa reli waliotuletea uji pale stesheni, na hao hawakuwa Wakasai. Kama Kalenga alikuwa miongoni mwao sijui, hajawahi kujisifu, nami sikumwuliza. Ntambwe akasema tutaongea. Nikasema tumeshaongea.

Jumanne, 14 Januari

Tumegombana, mimi na Naomie, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima.

Alianza na afya: kwa nini nilitoka kwenye mvua bila kitu kichwani. Akaja kwenye chakula: hakuniona nikila mchana. Kisha akataka kujua mtu yule alikuwa anachukua nini kwenye kibanda cha zana. Alikuwa anachukua jembe, kunisaidia na mchicha. Nikamwambia kamera ilinunuliwa kwa ajili ya mwizi, wala si kwa ajili yangu.

"Mama, mi najua namna gani kama ule muzee haiko mwizi?"

Nilikata simu. Nikalivuta benchi mpaka chini ya kamera, nikapanda na kipande cha kitenge, nikaifunga ile kamera uso kama mgonjwa wa meno.

Alhamisi, 16 Januari

Princesse amefika. Naomie amemtuma kuona kamera ina ugonjwa gani. Aliangalia kitenge, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akashika ngazi.

Tulikunywa chai. Alinieleza kwamba yeye mwenyewe mama yake anaishi peke yake Mutshatsha na hana kamera, na kila usiku wa radi huyu Princesse anakaa na simu mkononi mpaka asubuhi. Hakunishauri kitu. Alipopanda kufungua kitenge alikaa juu muda mrefu akitazama nyuma yangu, kisha akaniita nitazame naye. Ukuta wa nyuma, wa matofali mabichi, umenyonya maji chini mpaka umekuwa mweusi. Hakuna pa kupitia maji, yote yanalala pale.

Jioni nimempigia Naomie. Nimemwambia kamera nimeifungua, lakini maswali nimeyafunga. Na nimemwambia ukweli: Kalenga si mteja. Amesema, "Asante kwa kunielezea, mama," kama anavyowaambia wateja wa dawa, akakata.

Kalenga amesema atachimba mfereji mara mvua itakapopumzika.

Jumapili, 26 Januari

Haipumziki.

Alhamisi, 6 Februari

Haipumziki. Nimeshona nguo ya arusi ya mtu mwingine. Nzuri sana.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika ya jana, jana mkono ulikataa.

Asubuhi ilikuwa kavu. Kalenga alifika mapema na koleo, akaanza mfereji chini ya ukuta wa nyuma. Mchana mbingu ikafunga. Nilimwita aingie, akasema amebakiza hatua chache tu. Nikaingia kushona. Mvua ikaja kwa mara moja, na mvua ikiwa juu ya mabati yangu hata ukipiga ngoma ndani haisikiki. Nilidhani ameingia kibandani kujikinga. Nikaendelea kukanyaga mashini, naimba.

Hakuwa ameingia. Alitaka amalize maji yapate njia. Ukuta ukashuka.

Naomie alikuwa dukani Lubumbashi, amesimama mbele ya mteja. Simu yake ikalia kama inavyolia kwa kuku, akaitupia jicho tu. Aliona ukuta haupo. Kisha akaona kofia kwenye matope, kisha mkono. Alinipigia mimi, simu yangu ilikuwa chumba cha kulala, sikusikia. Akapiga tena. Ndipo akasema kupitia kamera, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na ukuta ukiwa umelala chini sauti yake ilipita moja kwa moja kwenye lupango wa wachimbaji, ambao kwa mvua ile hawakwenda kazini.

Mulumba ndiye aliyenisimulia. Alisema walisikia mwanamke analia juu ya nyumba yangu: "Bantu ya nyuma, mukuye. Ukuta inamuangukia Tata Kalenga. Tafazali, mukuye mumutoshe. Tata Kalenga, usilale. Niko nakuona. Usilale."

Walikuja wote, vifua wazi, mikono mitupu. Mmoja aligonga dirisha langu na ndipo nilipotoka. Sitaki kuandika nilichofikiri nilipoona kofia ile.

Alikuwa amefunikwa mpaka kiunoni. Nilimshika chini ya mabega ili nimvute. Mulumba akaniondoa mikono, kwa upole lakini kwa nguvu.

"Musimuvute, mamu. Tutoshe kwanza mizigo."

Wakainua tofali moja baada ya jingine, wakipokezana bila kelele, mmoja akimwekea Kalenga sahani kubwa ya bati juu ya uso mvua isimzibe pumzi. Vijana hawa wameshawatoa wenzao ardhini, ilionekana. Na muda wote ule Naomie juu yetu alikuwa anasema naye. Alimwuliza majina ya stesheni kutoka Lubudi mpaka huku. Naye, meno yakigongana, akazitaja zote, moja moja, kwa mpangilio wake.

Walipomtoa, mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya goti. Kingine chote kizima. Walimbeba juu ya mlango wa kibanda mpaka barabarani, wakasimamisha gari la mtu wasiyemjua, tukaenda hospitali.

Jumamosi, 15 Februari

Naomie amekuja kwa basi la kwanza. Amekwenda moja kwa moja hospitali, mfuko mgongoni, akasimama mlangoni mwa chumba. Kalenga alijaribu kuinuka, daktari akamkataza. Basi akavua kofia, ambayo hakuwa nayo. Mkono ulikwenda kichwani ukakuta hewa. Naomie akacheka huku analia.

"Tata Kalenga, bonjour," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina akiwa mbele yake.

Baadaye tulikaa wawili nje kwenye baraza, mvua ikidondoka taratibu. Nilidhani atazungumza juu ya ukuta. Badala yake akaniambia hivi, naandika kama alivyosema:

"Mama, mi nilikuwa namutafuta makosa. Kila siku nilifungula telefone nione atafanya mubaya gani. Unajua nilikuwa naona nini? Anafika, unaingia kupika chai. Anatosha kitambaa ku mufuko, anapanguza benchi, upande yako, pole pole mpaka inakauka. Yake anaacha na maji. Nisha kumuona miezi yote. Sikukuambia juu nilikuwa na kasirani."

Sikuwa najua. Kila nikitoka na chai, upande wangu ulikuwa mkavu. Nilidhani ni paa linalonikinga.

Jumapili, 2 Machi

Kalenga ametoka hospitali na plasta mguuni. Hawezi kukaa peke yake, na hawezi kukaa kwangu, watu wa kanisa wangeimba bila kwaya. Amekwenda kwa mchungaji. Naomie amempigia kila siku kumkumbusha dawa. Sasa ananipita mimi, anampigia yeye moja kwa moja.

Jumamosi, 22 Machi

Vijana wa nyuma wamenijengea ukuta mpya, wa tofali za saruji, na mfereji mbele yake. Hawakukubali mashini yangu ilale: wakaleta suruali zao zote zilizochanika, nami nikazishona zote huku wao wanajenga. Mulumba anakula kwangu Jumapili. Muziki wao bado ni mbaya. Nimewaambia, wakapunguza siku moja.

Mwizi wangu sijamjua mpaka leo, na nimegundua kwamba kwa majuma mengi sijamfikiria.

Jumapili, 6 Aprili

Kalenga ameniomba tuoane, nimekubali. Ntambwe amekuja kumtazama, na uso wa hakimu. Walikaa pamoja uani kwangu mchana mzima. Niliposogea na chakula nikawakuta wanabishana juu ya treni. Ntambwe ameondoka akisema arusi ya watu wazima isicheleweshwe.

Jumapili, 27 Aprili

Jana tumefunga ndoa. Nilijishonea mwenyewe, rangi ya bluu iliyokolea, bila madoido. Kalenga alitembea na fimbo mpaka madhabahuni, na kwaya ikaimba ikikosa sauti ya chini kwa sababu mwenye sauti alikuwa amesimama upande wangu. Princesse alikuja amevaa gauni, sikumtambua. Wachimbaji walikaa benchi la pili, wameoga, wamenyooka kama wanafunzi. Mvua haikunyesha, msimu umechoka.

Leo asubuhi Naomie amerudi Lubumbashi. Kabla ya kupanda basi alinionyesha simu yake. Kulikuwa na picha moja tu, ya lango.

"Ya uani nimeitosha ku telefone yangu," alisema. "Ya mulango nabakia nayo, mama, unisamehe. Ile ingine ni yenu."

Alimkumbatia Kalenga, akamwambia asisahau dawa, akaondoka.

Alasiri tumekaa uani. Jua limetoka, ukuta mpya unanuka saruji, kuku mweupe yuko kwenye mchicha na hakuna aliyetupigia kutuambia. Kalenga akanishika mkono. Kwa mazoea niliinua macho kule juu, kwenye kamera. Kisha nikauacha mkono wangu pale pale.